Bomba la inchi tatu lilivyonitia adabu

Tuta la pale Bunju ndilo lililonishtua. Nilikuwa nalivuka taratibu, mpwa wangu kakaa pembeni, mara tukasikia chuma kinakwaruza lami chini ya miguu yetu. Bomba la ekzosi la inchi tatu, halijamaliza wiki mbili tangu lifungwe.

"Mjomba, si ulisema gari sasa inapaa?" akaniuliza. Nikamwambia afunge kioo.

Gari yenyewe ni Altezza RS200, gia sita za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE ya cc 1,998. Toyota waliitoa Japani kuanzia 1998, na kwenye karatasi inatoa nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 ya injini kwa dakika. Yaani utamu wake uko juu kabisa. Chini ya mizunguko 4,000 ni gari ya kawaida tu, na mimi kwa siku nyingi naishi huko chini, kwenye foleni ya Mwenge. Lile bomba nene liliizidisha uvivu. Isitoshe, nikishika mwendo wa kawaida barabara kuu, karibu na mizunguko 3,000, ndani ya gari kulikuwa na mvumo wa kuuma masikio. Mke wangu alikataa kuipanda kwenda Bagamoyo, na sikuwa na la kumjibu.

Nilipoanza kuuliza watu, karibu wote waliniambia jambo moja: injini inataka kubanwa kidogo, ukiiachia sana inapoteza nguvu. Mimi siamini hivyo. Hakuna injini inayonufaika kwa kusukuma moshi wake dhidi ya kizuizi. Inachotaka ni moshi utoke kwa kasi, kwa sababu mkupuo wa moshi unaotoka mbio huvuta nyuma yake ule unaofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, mkupuo unalegea. Ukipunguza kipenyo unarudisha kasi, na watu wanadhani kilichosaidia ni kule kubana.

Sasa upana gani? Kuna hesabu ya zamani ya watengeneza injini: kila nguvu moja ya farasi ihesabie futi za ujazo 2.2 kwa dakika, na kila inchi ya mraba ya uwazi wa bomba lililonyooka ihesabie futi 115. Ukifupisha, gawa farasi zako kwa 52 upate inchi za mraba. Zangu 210 zikanipa kama inchi nne za mraba, sawa na kipenyo cha milimita 57 na ushee.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Hiyo 57 ni ya ndani, wakati dukani bomba linauzwa kwa kipimo cha nje. Bati la milimita 1.5, pande zote mbili, linakula milimita tatu. Kwa hiyo bomba la inchi mbili na robo, ambalo nje ni 57, ndani linabaki 54: dogo. La inchi mbili na nusu linabaki 60.5: linatosha na chenji inabaki. Lile langu la inchi tatu lilikuwa na 73 ndani, bomba la injini ya farasi 340. Nilikuwa nimevaa suruali ya mtu mwingine.

Nikapeleka gari kwenye gereji moja yenye mashine ya kukunjia. Kijana akakunja bomba la inchi mbili na nusu kwa dakika chache, akachomelea, nikalipa. Alitaka pia anitolee masega bure, yaani katalisti, kile kichujio cha kusafisha moshi, "gari ipumue". Nilikataa. Masega yana bei, na mtu akikuonea huruma kiasi hicho ujue anajua pa kuyauza. Halafu taa ya cheki injini ingewaka, na harufu ya moshi wa gari isiyo na masega naijua.

Mvumo ulipungua, matuta nikayavuka. Lakini nguvu sikuiona. Nikaingia uvunguni na venia, kile kifaa cha kupimia unene. Sehemu zilizonyooka, safi. Kwenye kona inayopanda juu ya ekseli ya nyuma, mashine ilikuwa imelibana bomba likawa kama yai: upande mmoja milimita 64, upande mwingine 46. Na hiyo ni nje. Nimelipia inchi mbili na nusu, moshi unapita kwenye kitundu cha bomba dogo.

Fundi wangu wa breki ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nikamwamkia, nikamweleza, akalitazama bomba bila kulishika.

"Hili limekunjwa tupu," akasema. "Bomba halikunjwi tupu, mwanangu."

Alichukua mchanga, akaukaanga kwenye karai juu ya mkaa kama anakaanga karanga. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mchanga ukiwa na unyevu, ukipata moto ndani ya bomba unakuwa mvuke, na kizibo kinaweza kumtoboa mtu. Akaziba upande mmoja kwa mti, akamimina mchanga huku anagongagonga bomba kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mwanzo mlio ulikuwa wa kengele. Akaongeza, akagonga, mpaka ukawa "du, du", kama unagonga gogo. Ndipo akaziba upande wa pili, akapasha kona kwa gesi hadi ikaiva nyekundu, akavuta polepole sana. Kona moja ilichukua karibu nusu saa. Lilipopoa nikaweka venia: upande mwembamba 60, upande mpana 65. Ningeweza kumbusu.

Tuliongeza na mafla, yaani kizima sauti, ndogo ya katikati ili kuumaliza ule mvumo. Ya nyuma nilichagua mwenyewe kwa kupitisha venia ndani, maana nyingi zina mdomo mpana na utumbo mwembamba.

Kupima, sina mashine ya kupimia nguvu. Nilichofanya ni kufungua sensa ya oksijeni ya mbele, nikafunga hapo bomba jembamba la shaba, kisha mpira hadi ndani ya gari kwenye geji ndogo ya presha. Shaba inapoza moshi, la sivyo mpira unayeyuka. Taa iliwaka, niliifuta baadaye. Alfajiri, barabara tupu, gia ya pili, mguu hadi chini mpaka mizunguko 7,000. Presha ikiwa ndogo ndivyo moshi unavyotoka kwa urahisi. Lile lililobanwa lilisoma psi 4. La mzee, psi 2 na kidogo, pamoja na masega yake.

Saa nayo ilikuwa ya kimaskini: mpwa anarekodi dashibodi kwa simu, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. La inchi tatu, ambalo nilikuwa nimelipima kabla halijatoka, sekunde 5.8. Lililobanwa 5.9. La mzee 5.6. Wanaokuambia bomba peke yake limewapa farasi thelathini kwenye gari isiyo na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini, waulize walipima na nini.

Ndugu yangu ana Subaru yenye tabo, akataka tumfungie la kwangu kama lilivyo. Nilimkatalia. Kwenye tabo, nyuma yake bomba pana ni rafiki, maana tabo inafurahia presha ndogo mgongoni, na inchi tatu kwake si ushamba. Ila nayo lazima adhibiti busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, isije ikapanda yenyewe kupita kipimo. Kwa hiyo lile bomba langu la zamani lenye mkwaruzo wa Bunju amelichukua yeye, na mzee wa Gerezani ameshaanza kukaanga mchanga.