Marhamu ya mwarobaini: mkupuo wa tatu, na aibu ya ule wa pili

Mkupuo wa kwanza niliufukia nyuma ya nyumba. Nilichemsha majani ya mwarobaini kwa maji, kama mama alivyotuogesha tulipopata tetekuwanga, nikachanganya na mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Ikaganda vizuri. Siku ya tisa maji yamejitenga chini ya kopo, wiki ya tatu ukungu. Palipo na maji, kitu kitaota tu.

Mkupuo wa pili nikawa mjanja. Majani nilianika kivulini, nikayatwanga, nikayaloweka siku tatu kwenye spiriti ya asilimia 70, nikachuja kwa chachi na kuiacha spiriti iruke kwenye sinia mpaka ukabaki uji mzito wa kijani. Kwa gramu 100: mafuta ya nazi 70, nta 20, uji 10. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo nilitumia sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto, uji ukaingia mwisho.

Rafiki yangu wa maabara akaipima kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, iliyopandwa bakteria wa Staphylococcus aureus (kazi ya maabara hiyo, msijaribu jikoni). Tundu la milimita 6 lililotiwa marhamu, na kesho yake duara safi la milimita 11 lisilo na bakteria. Nilitaka kuchinja kuku.

“Na marhamu tupu, isiyo na dawa, iko wapi?” akaniuliza. Sikuwa nayo. Tukarudia: nta na mafuta peke yake, hakuna duara. Nta na mafuta pamoja na spiriti kidogo, milimita 10.

“Kaka, umenipimia spiriti.”

Uji wangu haukuwa umekauka. Tofauti ya milimita moja huwezi kumwonyesha mtu. Akanikumbusha na jambo jingine: agari karibu yote ni maji, mafuta hayapenyi humo kirahisi, kwa hiyo duara dogo halimaanishi moja kwa moja kwamba dawa ni dhaifu. Safari hii atapima uji wenyewe kabla haujaonja mafuta.

Mkupuo wa tatu nimekausha uji mpaka mizani ikanipa uzito ule ule siku mbili mfululizo. Makopo manne ya kuona itadumu vipi: la kabatini, la dirishani, la kuhamahama kati ya friji na meza kila siku, na la kwenye boksi lenye balbu ninalolishikilia nyuzi 40. Nilitengeneza pia kopo la nta 15 badala ya 20. Kwenye boksi lilitoa jasho la mafuta siku ya nne, nikalitupa. Hapa Tanga mafuta ya nazi mara nyingi hayagandi, kwa hiyo nta ndiyo inayobeba kila kitu.

La dirishani limenishtua. Wiki mbili tu, kijani kimegeuka rangi ya chai. Rangi peke yake haisemi dawa imekufa, lakini azadiraktini, kiambata maarufu cha mwarobaini, haivumilii mwanga, kwa hiyo kuanzia sasa ni vyombo vya kahawia tu. La friji halijapasuka wala kuwa na chengachenga. La boksini nanusa kila asubuhi kutafuta harufu ya mafuta yaliyochacha. Mpaka leo, siku ya 40, bado ni nazi na ule uchungu wa majani.

Jirani ameomba kidogo kwa vipele vya mwanawe. Nimemnyima, nikamwelekeza zahanati. Amenuna.