Msimfunge anayepigana usingizini

Nawaomba, msimfunge leso mtu anayerusha ngumi akiwa ndotoni. Mimi ni mmoja wao, na shauri la kunifunga lilitoka kwa ami yangu; kwa kuwa ni mkubwa, tulilifuata. Mke wangu, Mama Salma, akanifunga mkono wa kulia kwenye mguu wa kitanda. Usiku huo nikaota mbwa wananifukuza vichochoroni. Nikavuta mkono, leso ikakaza, na ule mkazo huko ndotoni ukawa meno ya mbwa. Basi nikapigana kweli! Nilivuta mpaka kifundo kikavimba, nikabiringika upande wa pili, taa ikavunjika, chandarua kikang'oka na kunivaa mwili mzima, nami nikazidi kupiga kelele kwamba wamenizingira. Kulipokucha ami akashauri tufunge mikono yote miwili. Mama Salma akakataa, na namshukuru mpaka leo.

Wengine walisema ni jini. Nilisomewa, moyo ukatulia, lakini ngumi hazikukoma.

Mimi nina narkolepsia, ugonjwa wa kushikwa na usingizi ovyo mchana, tena ile aina ya kulegea magoti ukicheka sana. Ubongo wetu umepoteza seli zinazotengeneza oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo husaidia kutenganisha kukesha na usingizi wa ndoto. Mtu akiota, misuli yake hulegezwa karibu yote, yabaki macho na pumzi. Kwetu sisi breki hiyo hushika mchana katikati ya kicheko, kisha usiku inaachia wakati tunaihitaji.

Nairobi nililazwa usiku mzima nikiwa na nyaya kichwani na miguuni; gharama ilimeza akiba yetu yote, ila sijutii. Daktari alinieleza kwamba venlafaksini, dawa niliyokuwa nikimeza kwa ajili ya magoti, inaweza kuchochea vurugu hizi, akaipunguza polepole. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako, utaanguka kila ukicheka. Tena nilikuwa nimetishwa kwamba mwisho wa haya ni ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Akasema hofu hiyo inawahusu hasa watu wazima ambao tatizo hili huwajia peke yake, bila narkolepsia. Nilirudi Mombasa na treni nikiwa mwepesi kabisa.

Nyumbani godoro liko chini, kimeza tumekitoa, na mke wangu ana godoro lake. Majirani waseme watakavyo, ndoa yetu ni nzima.

Lakini dawa kubwa aliigundua yeye. Aliona kwamba akinigusa ninapopigana, mkono wake unaingia ndotoni na kuwa adui. Akaacha kunigusa. Sasa hukaa mbali, akaniita kwa sauti ya chini: "Baba Salma, unaota, uko nyumbani." Mara nyingi huitikia, nikalegea, nikalala tena. Nikilala kwa ndugu humweleza mwenyeji mapema: asimame mlangoni aniite jina, asinishike.