Dawa haikuzima jeni, ilivichelewesha vimelea

Nimepoteza miezi minne kwa ushauri mmoja: "Mdogo wangu, vimelea vikishajaa kwenye damu vuna tu, RNA ni RNA." Si kweli kabisa! RNA ni nakala ambayo jeni hutoa ikiwaka, na hutofautiana kwa umri wa kimelea.

Nilikuwa nakuza Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, maabara, nikitafuta kemikali itakayozima jeni ya RH5. Protini yake ndiyo inayokiwezesha kimelea kuingia kwenye chembe nyekundu, na ndiyo inayolengwa na chanjo iliyojaribiwa Bagamoyo. Kemikali ya kwanza tu, RH5 ikashuka vibaya sana. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha. Nikarudia mara mbili, kwa vifaa vya kutolea RNA vyenye bei inayokaribia mshahara wangu. Ikashuka tena.

Slaidi ya Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea kwenye darubini, ndiyo iliyoniumbua. Chupa isiyo na dawa ilijaa skizonti, vimelea vilivyokomaa vinavyokaribia kupasua chembe. Yenye dawa ilikuwa bado na trofozoiti, hatua iliyo kabla ya skizonti. RH5 huwaka mwishoni mwa mzunguko wa saa 48, na tangu 2003 ilishachapishwa kwamba jeni nyingi za kimelea hiki huwaka kwa zamu. Mimi nilikuwa nimelinganisha mtoto na mtu mzima.

Kilichoniokoa ni sumaku. Kimelea kilichokomaa kimekula himoglobini na kubaki na hemozoini, taka yenye chuma, kwa hiyo hunasa kwenye sumaku huku vichanga na chembe zisizo na vimelea vikipita. Saa nane usiku nikatoa skizonti, nikazipa damu mpya na muda wa saa nne tu za kupasuka na kuingia. Kisha sobitoli ya asilimia 5, dakika 10, nyuzi 37: inapasua vilivyokomaa, inaacha pete, yaani vimelea vichanga vilivyoingia karibuni. Alfajiri nikaweka jicho kwenye darubini: pete, pete, pete, skizonti hakuna hata moja! Sijawahi kuona slaidi nzuri kama ile.

Kuanzia hapo tulivuna kila baada ya saa nane, tukilala kwa zamu kwenye viti. Trizoli, kemikali inayohifadhi RNA, iwekwe palepale, usingoje kukuche, na glavu usizionee uchumi, maana vimeng'enya vya ngozi yako vinakula RNA.

Karibu na saa ya 40 RH5 ikapanda kama mlima. Na ile kemikali yangu? Tulipoipima kwa vimelea vya umri uleule, RH5 ilikuwa imewaka kama kawaida. Nikaifuta kwenye orodha siku hiyohiyo, nikaanza na ya pili.