Mkono baada ya upasuaji wa titi

Tezi za kwapani zikishatolewa, limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, hukosa njia na mkono unaweza kuvimba, hata miaka kadhaa baadaye. Pete ikianza kubana, wahi hospitali.

Daktari akisharuhusu, simama ukitazama ukuta, pandisha vidole ukutani taratibu hadi msuli uvutike bila kuuma, hesabu hadi 5, shusha. Rudia mara 10. Mkono usiotumika kwa woga hukakamaa bega.

Dada zangu wa Moshi, kwenye migomba vaeni glavu: mchubuko mdogo tu huingiza bakteria. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, nenda hospitali ya KCMC siku hiyo hiyo.

Mkungu wa ndizi abebe mwingine kwanza. Kuomba msaada ni kugumu kuliko zoezi lenyewe, najua, lakini omba. Uzito uurudie kidogo kidogo.