Although ikiingia, but inakaa nje

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu na daftari la Kiingereza limejaa wino mwekundu, yupo kidato cha tatu, na kabla hata hajakaa akaanza, anti, ticha kaniandikia "run-on" mara sita kwenye peji moja na wala hajasema ndo nini. Nikalichukua nikasoma. Insha ilikuwa ya siku waliyoenda kununua samaki na mama yake, na sentensi ya kwanza kuzungushiwa duara ilikuwa hii:

"We went to Feri, we bought fish, we came back home, mother fried the fish, we ate."

Nikacheka, ila sio kumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe, maana hiyo sentensi nimeiandika sana mimi nikiwa na umri wake na nikachekwa darasa zima. Na ukiisikiliza vizuri sio Kiingereza hiyo, ni Kiswahili kimevaa sare ya shule: tulienda Feri, tukanunua samaki, tukarudi nyumbani, mama akawakaanga, tukala. Kwa Kiswahili hapo hamna kosa hata la dawa, mtu yeyote anasoma hivo na haoni tatizo, kwa sababu ile -ka- ndo inafanya kazi yote ya kushikanisha matukio, hauhitaji "na" wala "halafu". Sasa ukihamia Kiingereza -ka- inabaki huku, unaenda na koma peke yake, na koma ya Kiingereza haina nguvu ya kushika sentensi mbili kamili, hiyo ndo run-on ya ticha.

Ndo nikagundua kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mwalimu yeyote miaka yote ile. Sisi gundi yetu iko ndani ya kitenzi: -ka-, -ki-, -nge-, -po-, -ye, -cho, vyote vinakaa humohumo. Waingereza gundi yao iko nje, ni maneno yanayojitegemea, and, when, if, who, which. Kwahiyo tunapotafsiri kichwani gundi inamwagika njiani, au tunaipaka mara mbili.

Nikamuuliza, kwenye Kiswahili si mmeshafika aina za sentensi? Akazitaja kama anaimba: sahili, ambatano, changamano, shurutia. Nikamwambia basi robo tatu ya aina za Kiingereza unayo tayari.

Sahili ni kishazi huru kimoja, yani maneno yenye kitenzi yanayoweza kusimama peke yake, basi. Watu wanadhani sahili maana yake fupi, hapana. "The old woman with the blue basket at the back of the daladala sold three mangoes to the conductor before noon." Ndefu hiyo mpaka unakata pumzi lakini kitenzi ni kimoja tu, sold, na mtenda mmoja, kwahiyo ni sahili. Na hata "She fried the fish and cooked ugali" bado ni sahili, kwa sababu she ni mmoja anahudumia vitenzi viwili, na hapo hauweki koma. Kwetu ni tofauti, kila kitenzi kinatembea na kiambishi cha mtenda wake, alikaanga, akapika, ndo maana jicho letu linaona sentensi mbili pale ambapo wao wanaona moja.

Halafu kuna lile la kiima, yani mtenda wa sentensi. "Nimekula" kwetu ni sentensi nzima, neno moja, mtenda yumo ndani. Ukipeleka tabia hiyo kwenye Kiingereza unapata "Is raining", ambayo mpwa wangu anayo kwenye peji ya pili. Lazima useme "It is raining". Akaniuliza hiyo it ni nani sasa, nani ananyesha? Hamna mtu. Kiingereza hakikubali kiti cha mbele kibaki wazi, isipokuwa ukiwa unamwamrisha mtu, kama "Sit down", basi kama abiria hayupo wanaweka hata kapu.

Ambatano ni vishazi huru viwili au zaidi, kila kimoja kinaweza kusimama peke yake, na kinachowaunganisha ni yale maneno saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Ukichukua herufi za mwanzo unapata FANBOYS, wengi tumekaririshwa hivo. Kabla ya neno hilo unaweka koma: "Mother fried the fish, and I cooked the ugali." Koma na neno, vyote viwili. Ukiweka koma peke yake ndo hapo ticha anazungusha duara. Kama hutaki neno basi weka nukta mkato, au fulstopu uanze upya, hakuna anayekudai. Na tahadhari na however, yenyewe inajifanya but lakini haimo kwenye wale saba, "I was late, however I entered" ni kosa lilelile, nimeliona mpaka kwenye barua za maofisini za watu wazima wenye suti zao.

Sasa changamano, hapa ndo penye kesi nyingi. Kishazi huru kimoja na kingine tegemezi, yani kile ambacho ukikisema peke yake msikilizaji anabaki anakuangalia. "Because it was raining." Ehe, ikawaje? Kikianza tegemezi unaweka koma, "Because it was raining, we stayed at home", kikija nyuma mara nyingi koma haihitajiki. Hiyo kanuni ya kwamba because haianzi sentensi mi niliambiwa shuleni na nikaiamini mpaka chuo, kumbe inaanza vizuri tu, ilimradi useme kilichotokea.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa ni "Although he was sick, but he came." Ukitaka kujua mtu amefikiri kwa Kiswahili angalia hapo, maana sisi tunasema ingawa alikuwa anaumwa lakini alikuja, na lugha inakubali, ingawa na lakini wanakaa meza moja bila ugomvi. Kwa Kiingereza although imeshakifanya kishazi chake kuwa tegemezi, sasa ukimwingiza but, ambaye kazi yake ni kuunganisha wawili walio sawa, anakuta hamna cha kuunganisha. Uchague mmoja. Although ikiingia, but inakaa nje.

Ndugu yake huyo ni "the book which I bought it". Kosa hilo nalipenda kwa kweli, kwa sababu lina akili ndani yake. Kitabu nilichokinunua, angalia, -cho- ipo na -ki- ipo, kitabu kimetajwa mara mbili ndani ya neno moja na sio kosa. Kiingereza kimeshaweka which, nafasi ya it imeshaliwa, ukiirudisha unakuwa umelipa nauli mara mbili.

Shurutia sasa. Wao hawaifanyi aina ya pekee, kwao if inaingiza kishazi tegemezi kama because, kwahiyo ni changamano tu. Ila kwetu imepewa chumba chake, na nadhani ni haki, maana mzigo wake ni mzito. Ningejua nisingekuja: -nge- huku na -nge- kule, mizani imekaa sawa. Ndo tunaandika "If I would know, I would not come", would mbili kama mapacha. Wenyewe would haikai upande wa if, upande huo kitenzi kinarudi nyuma kwenye wakati uliopita: "If I had known, I would not have come." Tulikaa hapo nusu saa nzima, chai ikapoa, na sidhani kama alielewa vizuri, mi mwenyewe nilichukua miaka.

Aina yao ya nne ni mchanganyiko, ambatano na changamano kwa pamoja, vishazi huru viwili na tegemezi angalau kimoja. Haina siri mpya, ukizijua mbili za nyuma na hii unaijua.

Nikamwambia haya, nenda kaitengeneze ile ya Feri iwe hiyo ya nne. Akakaa, akang'ata peni, akaandika: "When we came back from Feri, mother fried the fish, and we ate." Safi kabisa, when yupo, koma zipo, and yupo. Nikataka kumpa vema kubwa, lakini akaiangalia tena akafuta kipande cha mwisho, "and we ate", akaweka fulstopu baada ya fish. Nikamuuliza mbona umeirudisha kuwa changamano, si ilikuwa imekamilika? Akasema, sasa anti, samaki akishakaangwa kwetu si analiwa, kuna haja gani ya kumwambia ticha.

Nikaacha hivohivo.