Shukia Kengeleni

Miaka kumi na moja nimeshukia Kengeleni, kituo cha matatu hapa Mombasa, nikidhani jina limetokana na kengele ya shule. Aliyeniumbua ni mpwa wangu wa darasa la tano. Tulikuwa tunatoka sokoni Kongowea na embe zetu, akauliza, "Mjomba, kengele yenyewe iko wapi?" Nikababaika. Kumbe ipo, imening'inia kwenye mnara wake mdogo kando ya barabara, matatu zikiipita zikigombania abiria.

Jirani yetu, bibi mmoja mzaliwa wa Frere Town, mtaa wenye kengele hiyo, alinicheka mpaka akakohoa. Babu wa babake alizaliwa Unyasa, Malawi ya leo, akatekwa mtoto, jahazi likakamatwa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India. Akalelewa misheni ya Nasik, karibu na Bombay, ndipo akarudishwa Mombasa. Wenziwe wakiitwa Wabombei. Bibi anasema hata uzeeni mzee yule akihesabu embe alihesabu Kihindi: ek, do, tin.

Frere Town yenyewe, wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, waliuanzisha mji huo 1875, ng'ambo ya maji ukitokea Mji wa Kale, wakaupa jina la Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Unguja 1873 kumbana Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba wa mwaka huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao, basi. Kumiliki mtumwa huku pwani kuliendelea kuwa halali hadi 1907! Kwa hiyo hawa walioachwa huru walikuwa wanaishi pua kwa pua na mabwana ambao watumwa wao walikuwa wakitoroka na kukimbilia kwa wamisionari. Ndiyo kazi ya ile kengele: ikilia, jueni mwavamiwa.

Kanisa lao, Emmanuel, la 1889, bado lasaliwa. Majina nayo yamebaki. Bibi ana la Kizungu mwanzo na mwisho, na karani mmoja wa kitambulisho aliwahi kumwuliza kama ni Mkenya kweli. "Nikamwambia, mwanangu, mimi nimepita daraja la Nyali likiwa bado laelea." La kuelea lilikuwa la 1931, hili la zege ni la 1980.

Jumamosi nilimrudisha mpwa wangu akaione vizuri. Akataka kuigonga. Nikamkataza, ingawa, Mungu anisamehe, na mimi nilitaka.