Kiki yangu ilikuwa haitoki, kumbe shida haikuwa besi

Miezi mingi biti zangu zilikuwa na ugonjwa mmoja, kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, haitoki. Kwenye hedifoni inapiga fresh kabisa, nikiipeleka kwenye spika inakuwa pu pu tu, imejificha nyuma ya besi. Na dawa yangu ilikuwa ileile kila siku, nafungua ekwalaiza (kile chombo cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti) napandisha hezi 60, kule kwenye sauti nzito, desibeli 4 za ukubwa haitoshi, 6 haitoshi, mwisho masta, yaani sauti ya biti nzima, inagonga nyekundu na kiki bado siioni.

Siku hiyo nikasema leo siongezi kitu, namtafuta mchawi. Nikachukua bendi moja, yaani kipande kimoja cha sauti kwenye ekwalaiza ya kiki, nikaibana iwe nyembamba, nikaipandisha kama desibeli 10, nikapunguza sauti ya hedifoni kwanza (usisahau hii, masikio hayana spea), halafu nikaanza kuiburuta taratibu kutoka hezi 100 kwenda juu huku biti nzima inacheza. Ukiburuta hivyo kila sehemu inasikika mbaya kidogo, kwa hiyo nilikuwa nasubiri ile inayoruka kuliko zote. Nilipofika kwenye 350 ikatoka sauti kama mtu anagonga boksi tupu la karatasi. Ndo yenyewe! Nikaishusha bendi mpaka desibeli 5 chini ya mstari wa sifuri, nikaipanua kidogo, na jamani kiki ikafunguka, ikawa kama imesogea mbele hatua mbili na besi sijaigusa.

Ikabaki ugomvi wa kiki na besi, maana zote zilikuwa zinang'ang'ania hezi 50 mpaka 60. Kiki ilikuwa ya TR-808, ile mashine ya ngoma ya Roland ya mwaka 1980, mlio wake una mkia mrefu sana chini, so nikaiachia kiki pale na besi nikaipunguza desibeli 3 palepale, nikaipandisha kidogo kwenye 120. Kila mmoja akapata kiti chake.

Ila kwenye simu kiki ikapotea tena. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 50, kile kidude ni kidogo mno, kwa hiyo sikio linahitaji ule mgongo wa juu, ile "tk" ya mwanzo. Nikapandisha kilohezi 4, nikapata mchakacho tu wa kelele, kwa sababu ekwalaiza haipandishi kitu ambacho hakipo na kiki ya 808 haina "tk" ya kutosha. Nikaweka kiki nyingine fupi kali juu yake, nikaikata chini yote mpaka kilohezi 2, ikabaki ncha peke yake, nikaichanganya kwa sauti ndogo sana. Hapo simu ikakubali.

Sinea, ile ngoma inayopiga "pa", haikunisumbua, nilitoa tu mlio mmoja mwembamba uliokuwa unalia kama kengele. Haihati, yale matoazi yanayopiga "ts ts", nikazikata chini ya hezi 400 nikaendelea na maisha.

Kitu kingine, sikio linapenda chochote chenye sauti kubwa, ukiongeza tu unahisi umetengeneza. Siku hizi kabla sijaamua, nashusha sauti ya plagini, yaani hiyo ekwalaiza ya kwenye kompyuta, mpaka kiki ikiwa na ekwalaiza na ikiwa haina ziwe sawa kwa ukubwa, nafumba macho, nazima nawasha, nazima nawasha. Nisipojua ipi ni ipi, bendi hiyo naifuta. Hiyo kiki ya 808 leo imebaki na bendi moja tu, ile ya 350.